Mtoto Aliyekaa Mbali na Wastani

Vijana wa chumba cha takwimu, mmeniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa kabla hamjaja. Kwanza nilikataa. Mtakwimu akistaafu watu hutarajia awe na hadithi, kumbe alichobaki nacho ni macho mabovu na mazoea ya kuhesabu ngazi bila sababu. Lakini sasa nashinda nyumbani Nguvumali, asubuhi ni ndefu, kuku wangu hawahitaji mtakwimu, na kila nikitulia naona kuna jambo moja tulilifanya vizuri sana. Nataka mjue lilivyofanyika, maana kwenye ripoti limeandikwa kana kwamba lilitokea lenyewe.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba alishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, akakaa moja kwa moja, akawa mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Nilipomwambia nimepata kazi ya takwimu kwenye kituo cha utafiti wa malaria, aliuliza swali moja tu: ni kazi ya kukaa au ya kusimama? Nilipomjibu kwamba ni ya kukaa, akamshukuru Mungu na hakuuliza tena mpaka anafariki.

Siku ya kwanza nilimkuta Bwana Khalfan, mkuu wa chumba, akichonga penseli kwa wembe. Alikuwa wa ukoo wa Waarabu wa Pangani wenye mashamba ya minazi, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini na kofia safi siku zote. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanisogezea karatasi yenye vipimo vya wingi wa damu wa watoto waliofika kliniki wiki ile. Akataka kujua naona nini. Nilikuwa nimetoka chuoni na kikokotoo changu kipya. Nikabonyeza, nikamtajia wastani. Akasema vizuri, na ukiacha huo? Nikamtajia wastani uleule kwa desimali nyingi zaidi.

Hakunicheka. Alinyanyuka, akanipeleka kliniki, akanikalisha benchi moja na akina mama hadi adhuhuri. Kulikuwa na mtoto aliyekimbia kutoka ukuta hadi ukuta, akivuta kanga za watu. Kulikuwa na mwingine aliyelala begani kwa mama yake, viganja vimepauka hata havikuwa na rangi ya mtu. Tuliporudi ofisini ndipo akasema.

“Umewaona wale wawili? Ukichukua wastani wao utapata mtoto mwenye afya ya kadiri. Sasa niambie, mtoto huyo alikuwa amekaa wapi kwenye benchi?”

Hilo ndilo somo langu la kwanza la mtawanyiko, yaani jinsi vipimo vinavyoachana na wastani wao. La pili alinifundisha kwa mpira, ambao aliupenda kupita kiasi kwa mtu mwenye shinikizo la damu. Alisema kuna timu mbili zilizomaliza msimu na magoli sawa. Moja hufunga goli moja kila mechi. Nyingine leo inafunga matano, kisha inakaa wiki nzima nzima bila kufunga. Kwenye jedwali la magoli zinafanana. Lakini ni moja tu kati yao itakayokupeleka hospitali.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tulikuwa na vikokotoo vya jua vilivyokataa kazi siku za mawingu, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Kabla ya kuiwasha ilibidi kuangalia taa ya dari: ikipepesa, unasubiri, kwa sababu umeme wa Tanga nao ulikuwa na mtawanyiko wake. Bwana Khalfan hakuiamini hadi siku anastaafu. Kila jibu lililotoka humo alilijaribu kwa penseli pembeni, na ninyi mnaosema mashine haikosei, niwaambie tu kwamba penseli ile ilikuwa na kazi.

Yeye alipoondoka kwenda kupumzika Pangani, nikabaki na chumba, na haukupita muda mrefu jeni zikaingia. Mpaka hapo tulikuwa tukihesabu homa, mbu na vyandarua, vitu ambavyo mtu anaweza kuvionyesha kwa kidole. Sasa Daktari Mbwana, kiongozi mpya wa utafiti, kijana wa Usagara mwenye haraka na heshima kwa pamoja, akaniletea faili lenye safu nyingi kuliko nilizowahi kuona maishani. Aliketi akanieleza kwa utaratibu. Kila seli ya mwili ina kitabu kilekile cha maelekezo. Jeni ni kurasa. Kinachobadilika ni kurasa zipi zinasomwa, na kwa sauti ya juu au ya chini. Wao maabara walikuwa wanapima sauti hiyo katika damu. Mimi nilitakiwa kusema sauti hizo zinamaanisha nini.

Swali lilikuwa zuri, tena la kwetu. Katika kijiji kimoja, chenye mbu walewale, yuko mtoto anayeugua malaria mara moja akapona akaendelea na michezo, na yuko anayerudi kliniki tena na tena mpaka nesi anamjua kwa jina la utani. Kwa nini? Tulichukua damu za watoto wa aina zote mbili wakiwa wazima, wilaya ya Pangani, pande zote mbili za mto. Kundi la pili tuliliita wanaorudi. Akina mama walikubali watoto wao watolewe damu kwa ahadi kwamba tutarudi kuwaambia tulichokiona. Ahadi hiyo aliitoa nesi Perpetua, mwanamke wa Kikatoliki asiyesahau kitu, na kila alipofika ofisini alinikumbusha kwamba ameahidi kwa niaba yetu sote.

Majibu yalipotoka maabara, tulilinganisha wastani wa kila jeni kati ya makundi mawili. Hakukuwa na kitu. Jeni baada ya jeni, wastani ulifanana. Daktari Mbwana, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akasema basi, tuandike hakuna tofauti, tufunge. Nilimwona alivyoondoka amelegea mabega. Kufunga kulikuwa na maana ya kwamba hakuna mtu angewafuatilia tena watoto wale.

Nilipobaki peke yangu nikafanya kile ambacho kingekuwa cha kwanza kama Bwana Khalfan angekuwepo. Nikaacha wastani, nikachora watoto wenyewe, kila mtoto nukta moja. Wasiorudi walijikusanya pamoja kama watu walioitwa kikao. Wanaorudi walikuwa wametapakaa skrini nzima. Mmoja amekwenda kulia, mwingine chini, na mmoja alikaa kwenye kona ya juu, mbali na wote. Wastani wao ulikuwa katikati, mahali pale pale pa wenzao, na pale katikati, kati yao wenyewe, karibu hakuwepo hata mmoja.

Nitaringa kidogo: nililitambua mara moja. Tofauti ilikuwepo, ila haikuwa kwenye wastani. Ilikuwa kwenye mtawanyiko.

Daktari Mbwana alipoiona grafu alivuta kiti. Wenzetu wa chuo kikuu tulioshirikiana nao walifurahi pia, lakini wakashauri kwanza niwaondoe watoto waliokaa mbali sana, hasa yule wa kona ya juu, kwa kuwa pengine ni makosa ya vipimo. Ni ushauri wa kawaida, mtausikia sana. Niliwauliza ni kosa gani lililotokea kwenye kipimo cha mtoto huyo. Wakasema halijulikani, ila yuko mbali. Nikawaandikia kwamba kuwa mbali si kosa. Nikionyeshwa bomba la damu lililovunjika au kibandiko cha namba kilichokosewa nitamwondoa siku hiyohiyo. Hawakuonyesha. Mtoto akabaki.

Basi nikaenda Pangani kumwonyesha mwalimu wangu. Nilimkuta sebuleni anatazama mpira, akaupunguza sauti, heshima ambayo hakuwahi kumfanyia mtu. Alivaa miwani akaitazama grafu kwa raha kabisa. Akaniuliza watoto hawa wengi ni wa wapi. Nikasema wanaorudi wengi ni wa ng'ambo ya mto, Bweni na vijiji vya huko.

“Na damu yao ilivukaje?” akauliza.

Nikaweka kikombe cha kahawa chini, nikaanza kuifuata safari ya damu ile. Watoto wa mjini Pangani damu yao ilitiwa dawa ya kuihifadhi palepale, kwa sababu maabara ndogo ilikuwa palepale. Ya Bweni ilikaa kwenye boksi la barafu ikisubiri kivuko. Siku nyingine kivuko kinakuja mara moja. Siku nyingine injini ina mambo yake, au kuna lori limekwama kwenye ngazi ya kivuko, na boksi linasubiri na abiria. Damu ikisubiri, seli zake hazikai kimya. Zinashtuka, zinaanza kusoma kurasa ambazo hazikuwa zikisomwa mwilini. Ingewezekana kabisa kwamba mtawanyiko wangu mzuri haukuwa wa watoto. Ulikuwa wa kivuko.

Bwana Khalfan aliona uso wangu, akanisukumia sahani ya halua. Akasema kama jambo ni kweli halitaogopa maji.

Kesho yake nikamweleza Daktari Mbwana. Wenzetu walikuwa tayari wamejiandaa kutangaza matokeo kwenye mkutano, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya wasemaji. Nilitegemea anikasirikie, na kidogo alikasirika.

“Dada Naomi, mkutano ni mwezi ujao,” akasema. “Tukiomba kuahirisha, watatuona hatujui tunachofanya.”

“Tukitangaza kivuko tukakiita ugonjwa wa watoto, Perpetua atawaambia nini akina mama?”

Alikwenda dirishani, akarudi, akapiga simu mbele yangu kujitoa kwenye mkutano. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa heshima kuliko vyeo vyake vyote, ambavyo sitavitaja, kwa kuwa yeye mwenyewe huvitaja.

Jaribio tulilibuni wenyewe. Wafanyakazi wa kituo, kuanzia Daktari Mbwana aliyekunja mkono wa shati kabla ya wengine, tulitoa damu yetu. Ya kila mtu iligawanywa kwenye mabomba madogo kadhaa ya maabara. Moja lilitiwa dawa papo hapo. Mengine yaliwekwa kwenye maboksi yaleyale ya utafiti, yakapelekwa kwenye kivuko, yakavuka, yakasubiri, yakarudi, kila moja kwa muda wake, ndipo yakatiwa dawa. Damu ni ya mtu mmoja, siku moja. Kama jeni itabadilika kati ya bomba na bomba, aliyeibadilisha ni safari. Perpetua alisimamia maboksi kama anayesindikiza bibi harusi. Wafanyakazi wa kivuko walizoea kumwuliza kama damu ya leo inashuka au inazunguka tena.

Kisha tukasubiri maabara miezi mingi. Wakati huo nilijifunza kwamba subira ni sehemu ya takwimu ambayo chuoni hawaifundishi, pengine kwa sababu hakuna fomula yake.

Majibu yalipokuja, Bwana Khalfan alikuwa amegusa ukweli. Jeni nyingi kwenye orodha yangu, hasa zile zinazoamka seli ikishtuka, zilikuwa zimeyumba na safari hata kwenye damu yangu mimi niliyekuwa buheri wa afya. Nikazifuta kwa mkono wangu, moja moja. Zilikuwa nzuri. Zingine nilishazipa hata aya zake kwenye ripoti.

Lakini zilibaki nyingine. Kundi la jeni za ulinzi wa mwili, zile zinazoamuru jinsi damu inavyopambana na vimelea, hazikujali kivuko hata kidogo. Nikazishambulia kwa kila silaha niliyokuwa nayo. Jeni inayosomwa kwa sauti ndogo sana huonekana imetawanyika kwa asili yake, hivyo nikailinganisha kila moja na zenye sauti kama yake. Damu ya mtoto mmoja inaweza kuwa na seli za aina fulani nyingi kuliko ya mwenzake, hivyo nikaingiza hesabu za seli kutoka kwenye darubini. Nikachanganya vibandiko vya wanaorudi na wasiorudi kama karata, kompyuta ikavigawa upya kwa bahati nasibu mara nyingi mno, nione kama bahati tupu inaweza kunipa mtawanyiko ule. Haikuweza. Mwisho nikawalinganisha watoto wa Bweni kwa watoto wa Bweni, waliosubiri kivuko kilekile. Wasiorudi wakajikusanya. Wanaorudi wakatapakaa kama mwanzo, na yule wa kona ya juu akawa kwenye kona yake.

Nilimwita Daktari Mbwana. Alisoma bila kukaa, kisha akaketi, kisha akasoma tena. Akasema taratibu kwamba kama ni hivyo, wanaorudi si kundi. Kila mmoja ana sababu yake ya kurudi, na sisi tulikuwa tunatafuta sababu moja ya wote. Ndiyo maana wastani ulikuwa kimya.

Matokeo tulikuja kuyatangaza, kwa utulivu, yakiwa na sura nzima inayohusu kivuko. Wengine wamejaribu kwa watoto wa kwao na wakaona jambo linalofanana. Hilo linanipa furaha. Lakini sikukaa kitako kuwaandikia kwa ajili ya hilo.

Daktari Mbwana aliomba kibali cha kuwaita wanaorudi upya, mmoja mmoja, na kumchunguza kila mtoto kana kwamba hajawahi kuonwa. Perpetua ndiye aliyevuka mto kuwatafuta. Wako waliokutwa na upungufu wa madini ya chuma, wako waliokutwa na minyoo iliyokuwa ikiwanyonya pole pole, na wako ambao mpaka leo hatujui wana nini. Hao ndio kazi yenu sasa. Na alikuwepo msichana mmoja wa Bweni, Asha, mwanafunzi wa shule ya msingi, ambaye vimelea vilikuwa vimejificha kwenye damu yake kwa uchache kiasi kwamba kipimo cha haraka cha kliniki hakikuviona. Kila alipoonekana amepona, hakuwa amepona. Kipimo kikali zaidi kilivinasa. Akapewa dawa, akafuatiliwa, na msimu wa mvua ulipopita bila yeye kuletwa kliniki, Perpetua alikuja ofisini kwangu akasimama mlangoni, anatabasamu.

Mama yake Asha alikuwa amesemwa sana kijijini. Watu walidai hamfuniki mtoto chandarua, au dawa anampa nusu na nyingine anaiweka akiba. Mwanamke huyo alikuja kituoni na binti yake kwa kipimo cha mwisho, miezi michache kabla sijastaafu. Alipomaliza kwa daktari, akaomba aonyeshwe yule mama wa hesabu.

Katika miaka yangu yote hakuna mgonjwa aliyewahi kuomba kuonyeshwa mtakwimu. Nilinyanyuka nikavuta viti. Akanipa shikamoo, nami nikaitikia. Akasema Perpetua amewaeleza kijijini kwamba kila mtoto wao ana nukta yake kwenye kompyuta. Alitaka kuiona ya mwanawe.

Sisi huona namba tu, hatuoni majina, na ninyi mjue hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini mtoto ni wake na idhini ni yake. Daktari Mbwana akakubali, Perpetua akanitajia namba ya Asha, ya Asha peke yake. Nikafungua grafu, nikaandika namba hiyo, kompyuta ikaizungushia nukta yake duara.

Ilikuwa kwenye kona ya juu.

Mama Asha alisogea akaitazama skrini, akazitazama nukta zilizojazana katikati, kisha ile ya peke yake.

“Mbona yuko mbali na wenziwe?”

Nikamweleza kwamba damu yake ilikuwa ikipigana vita ambayo sisi hatukuiona, ndiyo maana hakufanana na mwenzake yeyote. Nikamwambia pia, kwa sababu ilikuwa haki yake kujua, kwamba walikuwepo walioshauri tumwondoe kwenye hesabu ili picha ipendeze.

“Na hamkumwondoa.”

“Hatukumwondoa.”

Alitikisa kichwa polepole. “Kila nilipompeleka kliniki nikiambiwa watoto wengi hupona kwa dawa hii,” akasema. “Mimi sikuwazaa hao wengi. Nimemzaa huyu.”

Asha mwenyewe alikuwa ameegemea meza, anaikodolea macho nukta yake. Akauliza kama haiwezi kuwa kubwa zaidi. Nikampisha kwenye kiti changu, nikamwonyesha kitufe cha kukuza, akaanza kubonyeza. Nukta ikakua, wale wa katikati wakasukumwa nje ya skrini mmoja mmoja, ikakua tena, mpaka ikajaa kioo chote, buluu tupu.

“Hii yote mimi?” akauliza.

“Yote wewe,” nikamjibu, nami nikainama karibu naye tuitazame pamoja.